Aliniambia nyuma ya maporomoko, sikusikia

Hivi msomaji wangu, umeshawahi kununiana na mwenzako mahali ambapo hakuna chumba cha pili? Nyumbani ni rahisi. Mmoja anakwenda sebuleni na rimoti yake, mwingine anajifungia chumbani na simu yake, kesho yake chai inanyweka na maisha yanaendelea. Mimi mwenzako yamenikuta huko Iceland, ndani ya kigari cha kulala ambacho ukubwa wake hauzidi vile vipanya vya Kariakoo vya enzi zetu.

Najua swali lako la kwanza. Iceland tulifuata nini? Baba Junior ni mjiolojia, anashughulika na jotoardhi, yaani umeme unaotokana na joto la chini ya ardhi. Kule kuna kozi ya miezi sita inayofundisha wataalamu kutoka nchi zinazoendelea tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Zamani ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, tangu 2020 iko chini ya mwamvuli wa UNESCO. Majirani zetu Wakenya wamepita pale kwa wingi sana, na Watanzania nao wamo. Mwaka huu zamu ikawa ya mume wangu. Akaondoka mwezi wa nne, nikabaki Dar na Junior wa miaka minne, foleni za asubuhi na magazeti ya kupeleka mitamboni. Mwezi wa nane nikachukua likizo, nikamwacha mtoto kwa mama, nikapanda ndege.

Jumamosi moja tukakodi hicho kipanya. Nyuma kuna godoro, kuna jiko la gesi la plate mbili, kuna beseni la kuoshea vyombo na kapazia ka maua. Kijana wa pale akatupa maonyo mawili. Kwanza, usilale popote unapojisikia, nenda kwenye viwanja vya kambi au uombe ruhusa ya mwenye eneo. Pili, ukifungua mlango ushike kwa mikono miwili, maana upepo wa huku unang'oa milango ya magari na bima hailipi. Nikacheka. Upepo gani unang'oa mlango jamani?

Tukaondoka Reykjavík asubuhi, Baba Junior akiendesha upande wa kulia wa barabara huku mimi nikikanyaga breki ambayo haipo. Barabara yenyewe ndiyo hiyo namba moja inayozunguka nchi nzima, zaidi ya kilomita 1,300. Sisi tulikuwa tunaenda Vík tu, kama kilomita 187 upande wa kusini.

Hatujafika mbali, mlima wote ukaanza kutoa moshi. Nikashtuka. Kumbe ni mvuke wa mtambo wa Hellisheiði, wa megawati 303. Mabomba ya fedha yametambaa kila upande kama majoka. Hapo mume wangu alibadilika, akawa kama mtoto aliyepewa baiskeli. Wanachimba visima vya kilomita mbili kwenda chini, mvuke unapanda wenyewe, unazungusha mitambo, na maji ya moto yanakwenda mjini kwa bomba hadi bafuni kwa watu. (Ndiyo maana kule ukioga maji ya moto unanuka kidogo mayai viza. Siku ya kwanza nilidhani ni mimi!) Akanionyesha kwamba Iceland imekaa juu ya ufa: nusu inaelekea Marekani, nusu inaelekea Ulaya, sentimita kama mbili kila mwaka. Na sisi nyumbani tuna Bonde la Ufa, nalo linatanuka, ila polepole zaidi. Yeye amezaliwa Tukuyu, chini ya mlima Rungwe, karibu na Ziwa Ngozi lililojaa ndani ya shimo la volkeno. Mambo haya kwake si masomo tu.

Nikamwangalia anavyoongea nikakumbuka kwa nini nilimpenda. Nakwambia hili mapema ili ujue asubuhi ile ilikuwa nzuri.

Kituo cha kwanza kilikuwa Seljalandsfoss. Ni maporomoko ya urefu wa mita 60 hivi, na uzuri wake ni kwamba unaweza kupita nyuma ya maji. Unaingia kwenye kama pango, maji yanashuka mbele yako kama pazia, unaitazama dunia kwa upande wa ndani. Unalowa mpaka nguo za ndani. Nyuzi joto 11, mtoto wa Temeke mimi, meno yanagongana, lakini sikutaka kutoka.

Tulipofika katikati, Baba Junior akanishika mabega, akaniinamia sikioni akaongea. Aliongea kama nusu dakika hivi. Kwa kelele zile sikuambulia hata neno. Nilimuona midomo inacheza, macho mazito, nikajua ni yale maneno ya mapenzi ambayo mwanaume wa Kinyakyusa hawezi kuyasema mpaka azibwe na maporomoko. Nikamwitikia kwa kichwa na tabasamu juu. Akanikumbatia kwa nguvu sana, mpaka nikashangaa.

Tulipotoka pale alikuwa mtu mwingine. Anapiga mluzi. Akanionyesha Eyjafjallajökull, ule mlima wenye kofia ya barafu uliolipuka Aprili 2010 na kufunga anga la Ulaya kwa karibu wiki nzima. Unaukumbuka? Maua ya Kenya yalioza uwanja wa ndege Nairobi kwa sababu ya majivu ya mlima huu ambao watangazaji wote walishindwa kuutamka. Leo chini yake kuna mashamba ya kijani na kondoo wanajilia majani hawana habari.

Skógafoss nako ni mita 60, lakini maji yanashuka kwa upana kama ukuta. Tumesimama tunatazama, upinde wa mvua umekaa chini kabisa, mume wangu akasema, "Mama Junior, asante sana kwa kunielewa. Nilikuwa silali."

"Kukuelewa nini?"

"Ile miaka miwili."

Basi bwana. Pale nyuma ya maji alikuwa ananiambia kwamba ameomba kubaki asome shahada ya uzamili. Fomu ameshajaza, wiki tatu nyuma. Miaka miwili. Na mimi, mhariri mzima wa gazeti la mahusiano, nimeitikia kwa kichwa na kutabasamu.

Pembeni ya Skógafoss kuna ngazi zinazopanda hadi juu, zaidi ya 500. Nilizipanda zote bila kusimama. Mimi ambaye lifti ya ofisini ikiharibika naomba kufanyia kazi nyumbani! Nikakaa juu kule peke yangu nikautazama mto unavyojiendea taratibu, haujui kama mbele hakuna ardhi. Nililia, sikufichi. Nilishuka baada ya kama nusu saa, nikamkuta amesimama palepale, ameshika jaketi langu.

Hatukusema neno hadi Reynisfjara, ufukwe wa mchanga mweusi tii. Mchanga huo ni lava iliyosagika. Kuna nguzo za mawe zilizopangana kama zimechongwa na fundi, na mabango makubwa yanakuonya usiyape mawimbi mgongo, maana yanakuja ghafla na yameshaua watalii. Ningekusimulia zaidi, ila siku ile sikuuona ufukwe vizuri. Nilikuwa nimejaa.

Na kwa hasira hizo nikafungua mlango wa kipanya kwa mkono mmoja.

Upepo uliuchukua kama karatasi. Paa! Bawaba ikapinda, mlango ukagoma kufunga. Watu wazima wawili tusiosemeshana ikabidi tushikane: yeye anasukuma kwa bega, mimi nakazana ndani. Ukagoma. Mwisho nikafungua begi nikatoa kanga, tukafunga mlango kwa kanga kutoka kwenye kitasa hadi kwenye kiti. Baba Junior akaisoma kanga yenyewe, akanitazama, akaanza kucheka. Sikuandiki maneno yake hapa, mama mkwe anausoma ukurasa huu. Nikacheka na mimi, kwa kulazimishwa.

Jioni tukaegesha kwenye kambi ya Vík. Ni kijiji kidogo, kanisa limekaa kilimani, na nyuma ya milima kuna volkeno nyingine, Katla, imelala chini ya barafu tangu mlipuko wake mkubwa wa 1918. Ikiamka, barafu itayeyuka na mafuriko yatashuka, kwa hiyo watu wa pale wanajua kabisa wakimbilie kanisani. Saa tatu usiku bado jua lipo. Nikabandika sufuria, nikasonga ugali kwa unga niliotoka nao Dar, na samaki wa kopo. Mvuke ukajaa kipanya kizima, vioo vikawa vyeupe.

"Sina hasira na shule," nikamwambia. "Nina hasira ulijaza fomu peke yako. Wiki tatu, na kila usiku tunaongea."

Akasema aliogopa nitakataa. Alisema pia kwamba alipanga kuniambia uso kwa uso, na pale kwenye maji aliona ndiyo mahali pazuri, kisha niliposhangilia akamshukuru Mungu. Nilitaka kuendelea kumkaanga. Hotuba nilikuwa nayo tayari, nimeitunga ngazi nzima. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikaba na mimi, na katika kigari kile hapakuwa na mlango wa kutokea, umefungwa kwa kanga.

"Mwezi wa sita Junior alilazwa," nikasema. "Malaria. Siku tatu."

Akaweka tonge chini.

"Ulisema amelala."

"Alikuwa amelala. Na dripu mkononi."

Nilikatazwa na kila mtu: mama, dada zangu, hata mama mkwe. Usimwambie, atashindwa kusoma, atafanya nini na yuko mbali? Nikaona ni busara. Nikabeba mwenyewe siku tatu kwenye benchi la wodi, nikipokea simu yake kwa sauti ya furaha. Nimeandika mara ngapi kwenye ukurasa huu kwamba wenza waambiane? Hesabu mwenyewe.

Baba Junior hakusema kitu muda mrefu. Kisha akauliza maswali ya baba: homa ilifika ngapi, nani alikaa naye usiku, alinililia? Nikamwambia ndiyo. Akageukia kioo, akafuta mvuke kwa mkono, akakaa anatazama nje ambako hapakuwa na cha kutazama. Ugali ulipoa. Tulilala kwenye godoro moja kwa sababu hakukuwa na lingine, na katikati ya usiku nikasikia mkono wake.

Hatukuelewana kila kitu, nisikudanganye. Yeye anasema tukipata nafasi hiyo mimi na Junior tumfuate. Mimi nasema na kazi yangu je, nije kukaa ndani nitazame mvuke? Tulibishana mpaka kahawa ya asubuhi.

Saa kumi na moja alfajiri ya kule, ambayo Dar ni saa mbili, tukampigia Junior kwa video akiwa anakunywa uji kwa bibi yake. Akaomba aonyeshwe gari lenye kitanda. Akaonyeshwa. Akaomba aonyeshwe na mlango uliofungwa kwa kanga, akacheka mpaka uji ukamwagika. Halafu akauliza, "Baba, unakuja lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Ukija unarudi tena?"

Baba Junior akanitazama. Nikakaa kimya, nikamwachia.

"Inawezekana nikarudi," akamwambia. "Bado tunaongea na mama."

Bawaba ya mlango tuliilipa, na bei yake sitaitaja, mama asije akaisoma. Kanga ninayo, imepauka kidogo upande mmoja. Majibu ya fomu yalikuwa hayajatoka tulipokwenda mitamboni.