Acheni Kuwacheka Wapiga Picha wa Dizeli

Wasomaji wenzangu, leo nimekuja na ugomvi. Sina mapitio ya riwaya wala uchambuzi wa diwani. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe, watu wa vitabu, tunaojisifu kuwa na macho makali kuliko wengine. Tukimwona mzee wa Kiingereza amesimama mwisho wa jukwaa la stesheni ya Doncaster au Crewe, kamera shingoni, daftari mfukoni, chai kwenye chupa, anasubiri kichwa cha treni ya dizeli kipite ili akipige picha na kuandika namba yake, tunacheka. Tunasema huyu kakosa kazi, kakosa mke, kakosa mashairi. Waingereza wenyewe wana jina la kumkejeli: anorak, yaani lile koti la mvua lenye kofia analovaa. Nasi tumelidaka jina hilo na kicheko chake bila kuuliza.

Mimi nasema kicheko hicho ni uvivu wa kusoma. Nitaeleza kwa nini.

Tuanze na kitabu ambacho wengi wetu tunakijua. Irvine Welsh alitoa riwaya yake *Trainspotting* mwaka 1993, ikawa filamu mwaka 1996, na tangu hapo neno hilo likabaki kinywani mwa watu wa fasihi kama mfano wa kazi isiyo na maana. Riwaya inahusu vijana wa heroini wa Leith, Edinburgh. Treni zenyewe ziko wapi? Karibu hazipo. Kuna tukio moja kwenye stesheni iliyokufa, Leith Central, ambapo mlevi mzee anawauliza vijana kwa dhihaka kama wamekuja kutazama treni. Hapo ndipo lilipotoka jina la kitabu. Ni tukio zuri, silikatai. Lakini waulize waliolisifu: stesheni hiyo ilikuwa nini? Wengi watakwambia gofu tu. Basi sikiliza. Abiria waliacha kuitumia mwaka 1952, kisha ikageuzwa karakana ya treni za dizeli hadi mwaka 1972. Watu waliajiriwa mle, wakachafuka mafuta mle, wakalisha watoto wao. Miaka ishirini ya kazi imefutika kwenye vichwa vya wasomaji, lakini haijafutika kwenye slaidi na madaftari ya wale tunaowacheka. Sasa hapo nani msomaji na nani kipofu?

Tuwatendee haki kwa kueleza wanachofanya. Mwaka 1942 kijana aitwaye Ian Allan, karani wa kampuni ya Southern Railway, alichoka kujibu barua za watu walioulizia injini za kampuni hiyo. Akachapisha kijitabu cha orodha ya injini zote na namba zake. Kiliuzwa kama njugu. Vikafuata vingine, na kizazi kizima cha watoto kikajazana majukwaani na penseli, kila namba iliyoonekana ikipigiwa mstari. Mpango wa kuliboresha shirika la reli ulipotangazwa mwaka 1955, injini za mvuke zilianza kuondoka na dizeli zikaingia. Agosti 1968 mvuke ulikwisha kwenye njia kuu. Watazamaji wengi walifunga madaftari wakaenda nyumbani. Waliobaki, pamoja na watoto waliozaliwa wakakuta dizeli tu, ndio ninaowatetea leo.

Na jamani, kupiga picha hizo si kubonyeza kitufe tu. Enzi za filamu ya Kodachrome, ambayo ilikuwa nzito kupokea mwanga, ulihitaji jua, na jua la Uingereza unalijua tabia yake. Lazima liwe mgongoni mwako na liangaze uso wa kichwa na ubavu wake pamoja. Lazima ujue ratiba, kona, kivuli cha daraja kinaangukia wapi saa tisa alasiri. Mmweko hairuhusiwi, maana unaweza kumpofusha dereva. Ukikosea nukta moja, kichwa kimepita na nguzo imekaa puani mwake. Ukibahatika, usiku unakaa mezani unaandika nyuma ya slaidi: namba, mahali, tarehe, treni inatoka wapi inakwenda wapi. Nasisitiza hiyo sentensi ya nyuma ya slaidi. Nitairudia.

Kuna dharau mbili hapa, na ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inajifanya mapenzi. Ni ile ya wapenzi wa mvuke. Kwao injini ya makaa ni farasi, ni simba, ina pumzi, ina roho. Dizeli ni kopo la bati linalonguruma. Fasihi imewasaidia sana. Mchungaji Awdry, aliyewaandikia watoto vitabu vya injini zinazozungumza, mwaka 1958 alileta dizeli katika kitabu *Duck and the Diesel Engine*, na akaileta kama nini? Kama mfitini, mwenye ulimi wa asali na moyo wa nyoka. Baadaye alituletea BoCo, dizeli mwema, lakini watoto walishajifunza nani wa kuchukiwa. Hata sisi tunaoandika Kiswahili, treni ikiingia kwenye hadithi lazima itoe moshi na mlio wa kuhuzunisha, kana kwamba neno garimoshi limetufunga macho.

Matokeo ya mapenzi hayo ni nini? Nenda ukatafute vichwa vilivyotengenezwa na North British Locomotive Company ya Glasgow, vile vya aina ya Class 22. Vilikuwa 58. Havikudumu, vikakatwa skrepa kufikia mapema miaka ya 1970, na hakuna hata kimoja kilichohifadhiwa. Hata kimoja! Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 1962, kampuni iliyowahi kuleta injini za mvuke hadi Afrika Mashariki. Huyo BoCo wa Awdry alichorwa kutokana na Class 28, ambazo zilikuwa 20 na kimebaki kimoja. Watu walichanga fedha kuokoa mvuke, na nawapongeza, lakini hizi za mpito zilizoshindwa hazikuwa na wa kuzililia. Kilichobaki cha Class 22 ni picha, na picha hizo zilipigwa na watoto wa shule na makarani waliotoa fedha zao mfukoni. Hakuna msomi aliyewatuma.

Sasa tusome picha moja, maana nimewaita wavivu na lazima nioneshe kazi. Chukua kichwa cha Class 58, rangi ya kijivu na manjano, kinavuta mabehewa ya makaa ya mawe Nottinghamshire, nyuma yake minara ya kituo cha umeme. Anayecheka ataona treni chafu. Msomaji ageuze slaidi aangalie tarehe. Kama ni 1984, basi ni mwaka wa mgomo mkubwa wa wachimbaji. Wachimbaji wengi wa Nottinghamshire waliendelea na kazi wenzao wakigoma, na kuna wafanyakazi wa reli waliokataa kusafirisha makaa kuwaunga mkono waliogoma. Treni hiyo kupita tu ni kauli ya kisiasa. Soma namba: vichwa hivyo vilikuwa 50, vilitengenezwa Doncaster kati ya 1983 na 1987, na baada ya cha hamsini karakana ile haikutengeneza kichwa kingine tena. Ifuate namba hiyohiyo mbele: mwaka 2002 vyote viliondolewa kazini Uingereza, vingine vikapelekwa Uholanzi, Ufaransa na Hispania, baadhi yake kusaidia ujenzi wa reli mpya, kama vibarua wanaovuka mpaka kutafuta riziki. Migodi ikafungwa. Tarehe 30 Septemba 2024 kituo cha mwisho cha umeme wa makaa Uingereza, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa, hukohuko Nottinghamshire. Yote hayo yamo kwenye picha moja na mstari mmoja wa maandishi. Kama riwaya ingebeba hivyo ndani ya ukurasa mmoja, tungeipa tuzo.

Najua mtakachosema. "Lakini hawaandiki hisia. Ni namba tu." Ndiyo, ni namba, na hapo ndipo wanapotuzidi. Sisi tukiandika treni, tunaandika "treni ilipiga honi, moyo ukanidunda". Treni gani? Saa ngapi? Ilibeba nini? Hatujui, na hatuoni haya kutojua. Mwenye daftari analazimika kuwa mkweli kwa sababu wenzake watamsahihisha kabla chai haijapoa. Akiandika kwamba kichwa fulani kilikuwa York tarehe fulani, na mwenzake alikipiga picha Bristol siku hiyohiyo, mmoja wao atajieleza. Ni wahariri wangapi wa fasihi wanawabana waandishi wao hivyo? Mimi natamani riwaya zetu zipite mikononi mwa watu hawa kabla hazijaenda kiwandani.

Msidhani lakini kwamba nimekuja kuwapaka mafuta. Nina deni langu nao pia, na nitawadai mbele yenu. Mchezo huu umefundisha vizazi vya wapiga picha kusubiri mpaka mtu atoke kwenye fremu. Abiria amesimama mbele ya taa? Subiri. Msafishaji ana ndoo karibu na gurudumu? Subiri. Picha nzuri, kwa kanuni yao, ni mashine safi, jua zuri, hakuna binadamu. Sasa kumbuka dizeli ziliingia wakati gani. Ni miaka ileile watu kutoka Karibiani, India na Pakistan walipokuwa wakiajiriwa kwenye reli za Uingereza. Mwaka 1966 gadi mmoja mzaliwa wa Dominica, Asquith Xavier, aliomba kuhamia stesheni ya Euston, London, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Alipambana, kisa kikafika bungeni na magazetini, marufuku ikavunjwa, na Agosti mwaka huo akaanza kazi Euston. Tuna picha ngapi za vichwa vilivyosimama Euston mwaka ule? Nyingi mno. Tuna picha ngapi za magadi weusi waliozifanya treni hizo zitembee? Chache za kuhesabika, na mara nyingi wamo kwa bahati mbaya, bega limeingia pembeni, kofia inaonekana dirishani. Mwenye kamera aliona ameharibiwa picha. Mimi nasema hizo ndizo picha zake bora, na angeandika na jina la mtu pale nyuma ya slaidi, karibu na namba ya mashine, leo tungekuwa na hazina isiyo na mfano.

Kwa hiyo lawama yangu kwao ni kwamba hawakuandika vya kutosha. Lawama yangu kwetu ni kwamba sisi hatukuandika kabisa.

Na hapa ndipo kicheko kinapotugeukia. Class 37 nyingi zilitengenezwa Vulcan Foundry, Newton-le-Willows, na kampuni ya English Electric. Vilikuwa 309 kwa jumla, na baadhi bado vinavuta mizigo Uingereza baada ya miaka sitini. Karakana hiyohiyo, miaka hiyohiyo ya 1960, ilitengeneza vichwa vya dizeli vya East African Railways, vikaja kwetu kuvuta watu na mizigo kwenye reli ya mita moja. Shirika hilo lilivunjika Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Nani ana orodha ya vichwa hivyo, namba kwa namba, kimoja kilikwenda nchi gani, kikafia wapi? Nani ana majina ya madereva? Mimi nimetafuta, na picha nyingi nilizozipata, zenye tarehe na mahali vilivyoandikwa sawasawa, zilipigwa na hao hao akina anorak waliokuja kazini au likizo, wakasimama kwenye jua la Voi na la Tabora wakisubiri treni iliyochelewa. Sisi tulikuwa ndani ya mabehewa tukila mahindi ya kuchoma. Na hata leo, toa kamera kwenye stesheni zetu uone mlinzi atakavyokujia: "Nani kakuruhusu?" Mimi limenikuta zaidi ya mara moja. Mtu anayepiga picha ya treni kwetu ama ni jasusi ama ni mwendawazimu.

Leo Kenya ina reli mpya ya vichwa vya Kichina tangu 2017, na Tanzania imeingia kwenye treni za umeme mwaka 2024. Picha za viongozi wakikata utepe zipo tele. Vichwa vya zamani vya dizeli vinaota kutu pembezoni mwa karakana, vikisubiri mkata chuma, namba zikiwa bado zinasomeka ubavuni. Hazitasomeka muda mrefu. Waliovitengeneza, waliovipaka grisi na kulala chini yake wakati wa mvua, wengi wangali hai na wanakumbuka.

Basi wewe unayesoma hapa na unajiita mpenda fasihi, nunua daftari la bei ya chini kabisa. Nenda karakana iliyo karibu nawe, omba ruhusa kwa adabu, ukinyimwa rudi tena kesho. Andika namba, mahali, tarehe, na jina la mzee aliyekuwa akiendesha. Ukimaliza, ukitaka kumcheka yule mzee wa Doncaster, njoo tucheke wote.