Hiyo ni Njano Tu

"Kaka, hiyo ni njano tu. Nyekundu ndo mbaya."

Aliyeniambia hivyo ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kijana aliyemaliza chuo na sasa anatengeneza programu za simu akiwa chumbani kwake Igogo. Nilikuwa nimekaa nyuma yake nikinywa chai huku nikiangalia kioo cha kompyuta. Pembeni mwa kioo kulikuwa na vipembetatu vya njano vimepangana kama mahindi kwenye jiko la mkaa. Nikauliza vinasema nini. Akanijibu hivyo, akaendelea na kazi.

Naandika kwa sababu ya jibu hilo. Naandika hapa, kwenye blogu ya fasihi, nikijua wengine mtasema nimepotea njia na hayo ni mambo ya watu wa kompyuta. Hapana. Ni mambo ya kusoma na kuandika, na nyinyi mnaojiita wasomaji ndio nawagombeza kwanza.

Programu yenyewe ilikuwa ya akina mama wanaouza dagaa Mwaloni Kirumba, wenye kikundi cha kuweka na kukopeshana. Nani kaweka kiasi gani, nani kakopa, nani anadaiwa. Walikuwa na daftari, wakataka kitu cha kwenye simu. Dogo akakubali kwa bei ya chini kwa sababu mmoja wao ni jirani. Mtunza hazina akaacha daftari, akahamia kwenye simu, na kwa miezi mitatu mambo yakaenda vizuri.

Halafu wakaomba nyongeza ndogo, safu ya faini za wachelewaji. Dogo akaiongeza, akatuma toleo jipya. Mtunza hazina akalipokea asubuhi na kufungua simu. Akakuta majina hayapo, fedha hazipo, mikopo haipo. Miezi mitatu imefutika, na programu inafanya kazi safi kabisa, haina kosa hata moja.

Niliona jinsi ilivyotokea, kwa hiyo niwaeleze. Kipembetatu kimojawapo kilikuwa kikisema hivi, kwa tafsiri yangu: hujanionyesha folda ya kuhifadhia historia ya umbo la hifadhidata yako, kwa hiyo siwezi kuitunza, nipe folda, au niambie rasmi kwamba huitaki. Onyo la usanidi wa mradi, la kawaida kabisa. Njia mbili za kulitibu zimeandikwa mlemle ndani. Ya kwanza inataka mistari michache kwenye faili la usanidi. Ya pili ni neno moja: zima. Dogo akazima. Njano ikapungua moja, akafurahi.

Ilipokuja safu ya faini, umbo la hifadhidata likabadilika. Programu ikagoma kufunguka, ikidai ielekezwe jinsi ya kuzihamisha taarifa za zamani kwenye umbo jipya. Hii sasa ilikuwa nyekundu. Laiti historia ingekuwa imetunzwa, uhamishaji ungeweza kuandaliwa na kujaribiwa kabla ya kumfikia mtu yeyote. Historia haikuwepo. Dogo akaingia mtandaoni, akakopi mstari mmoja, akaupesti, nyekundu ikaondoka. Jina la agizo lililo kwenye mstari ule limeandikwa kwa Kiingereza cha wazi: likishindwa kuhamisha, litaangamiza. Neno "kuangamiza" lipo ndani ya jina lenyewe! Alilipesti kwa mkono wake. Akalijaribu kwenye simu yake iliyokuwa na majina ya uongo, Juma na Asha wa kubuni, na hakuona kama yamepotea kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwadai Juma na Asha.

Tulikwenda wote wawili kuomba radhi. "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akatukaribisha benchi, hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, daftari langu liliwahi kudondokea majini. Likakauka, nikasoma." Ningependelea angefoka.

Sasa ugomvi wangu.

Wapo watakaosema tatizo ni Kiingereza, kwamba maonyo yangekuwa kwa Kiswahili, kijana angeelewa. Nimelifikiria sana hili kwa sababu ningependa liwe kweli. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitupa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, na nawaheshimu mpaka leo. Lakini sisi wapenzi wa lugha tulifanya nini na mlango ule? Tukakaa tukibishana kama ni tarakilishi au ngamizi, kama mausi ni puku au kipanya. Tukashangilia kishikwambi kama timu imefunga bao. Tulibatiza vyombo tukaacha sentensi. Kijana anaweza kukutajia kipakatalishi na nywila, lakini mwambie aeleze kwa Kiswahili tofauti ya onyo na kosa ndani ya msimbo (wenyewe wanaita kodi, na TRA wasisikie), utaona anavyotafuta maneno.

Hata hivyo Kiingereza peke yake hakitoshi kuwa mshitakiwa. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian, mfumo huria unaoendesha seva nyingi duniani, alikuwa akisumbuliwa na maonyo ya chombo cha kukagua kumbukumbu. Chombo kilikuwa kinalalamikia mistari miwili ndani ya OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri. Akaiondoa, na maonyo yakanyamaza. Kumbe mmoja kati ya mistari ile ndio uliokuwa ukiingiza bahati nasibu kwenye funguo. Kuanzia hapo chanzo cha bahati nasibu kikabaki kimoja tu, namba ya mchakato, na kwa kawaida namba hizo mwisho wake ni 32,768. Yaani kufuli nyingi duniani, na mwizi anahitaji kujaribu funguo elfu thelathini na kitu tu. Iligundulika Mei 2008. Yule hakukosa Kiingereza. Yeye na dogo wa Igogo walifanya kitu kilekile: walichukulia onyo kuwa kelele, na dawa ya kelele ni kuzima.

Na kuna upande wa anayeandika onyo, ambao huwa tunausahau kwa sababu methali zetu zimetufundisha vibaya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, na mkuu mwenyewe alisemaje? Alieleweka? Methali haiulizi. Inamchukulia mkuu kuwa amesema vizuri siku zote, na anayevunjika guu ni mkaidi. Kati ya mwaka 1985 na 1987, Marekani na Kanada, mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwapa wagonjwa sita mionzi kupita kiasi mara nyingi mno, na baadhi yao wakafa. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, kioo kilimwandikia mwendeshaji kwamba kuna hitilafu namba 54. Basi. Hitilafu namba 54. Kitabu cha maelekezo hakikuzieleza namba hizo, na mashine ilikuwa na mazoea ya kutoa hitilafu ndogondogo kila siku, kwa hiyo mwendeshaji alibonyeza herufi ya kuendelea kama alivyozoea. Utamwambia huyo hakusikia la mkuu?

Kiswahili chenyewe kinajua zaidi ya methali yake. Kuonya kunatokana na kuona: kumwonya mtu ni kumfanya aone. Kibao cha "Mbwa Mkali" kwenye geti la mtu kinanifanya nione, maneno mawili tu na tayari nasikia meno. Sasa linganisha na maonyo ya maofisini kwetu: "Ni marufuku", "Hatutahusika", "Kwa amri". Mwandishi wa hayo hataki nione kitu, anataka tu asilaumiwe.

Najua mtu wa Mwanza akisoma hapa ameshafika ziwani kabla yangu. Mei 21, 1996, MV Bukoba. Zaidi ya watu 800, baadhi yao wamelala makaburi ya Igoma. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, pale karibu na Ukara. Kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101, waliokufa ni zaidi ya 200. Sipendi watu wanaozitumia maiti zile kupamba makala, na siwezi kulinganisha daftari la dagaa na msiba ule. Nataka kitu kimoja tu kutoka huko. Namba 101 ilikuwepo. Iliandikwa mahali, na kuna watu waliilipiwa mshahara. Ila yule mama mwenye kuku na mfuko wa mahindi aliyekuwa akipanda pale Bugolora siku ya gulio, hiyo namba ilimfanya aone nini? Wakati mwingine onyo tunaliandika kwa ajili ya faili, na wanaozama wanazama bila kulisoma.

Kwa hiyo walimu wa programu vyuoni, acheni kuwafundisha vijana kwamba kazi imekwisha pale nyekundu inapoondoka. Wapeni onyo moja, walisome kwa sauti, walitafsiri kwa Kiswahili cha nyumbani, ndipo waguse kibodi. Zipo timu zinazoweka kompaila kwenye hali ya kuhesabu kila onyo kuwa kosa, kazi isitoke mpaka yaishe. Inachosha, najua. Na nyinyi wa fasihi, mnaoweza kukesha mnabishana juu ya mzani mmoja uliopungua kwenye shairi, acheni kuniambia sentensi ya mistari miwili inayoamua kama hesabu za akina mama thelathini zitabaki au zitafutika haiwahusu. Nionyesheni riwaya ya mwaka huu iliyobeba mzigo huo.

Akina mama wamerudi kwenye daftari. Walikusanyika Jumapili mbili, kila mmoja akasema alichoweka na anachodaiwa kwa kadiri ya kumbukumbu, na wawili mpaka sasa hawasalimiani. Dogo anaendelea kuijenga programu upya, bure. Juzi alinitumia picha ya kioo chake: njano tatu, na chini yake tafsiri zake kwa ajili yangu. Ya kwanza ameiandika hivi: "Kipengele hiki kitaondolewa toleo lijalo." Nikasoma Kiingereza chake, nikamrudishia: soma tena mdogo wangu, wamesema huenda kikaondolewa, hiyo "huenda" umeipeleka wapi?

Bado hajajibu.