Hisa Iliyooza Haiponi kwa Subira

Kuanzia Kitale hadi Bungoma, muulize mwenye hisa za kampuni ya sukari ya Mumias kwa nini hakuziuza mapema. Atakujibu: "Hasara si hasara mpaka uuze." Walimu wastaafu huisema, wakulima wa miwa huisema, na kwenye mikutano ya sacco hakuna anayethubutu kuipinga. Ni uongo mtamu, na umetugharimu pakubwa.

Mkulima wa Kitale haamini upuuzi huu akiwa ghalani. Bei ya gunia la kilo 90 ikishuka, hadai kwamba mahindi yake bado yana thamani ya msimu uliopita eti kwa kuwa hajayauza. Anajua pia kwamba dumuzi hangoji bei ipande. Mbona basi mtu huyo huyo akinunua hisa huiona bei aliyolipa kama ahadi? Soko halijui ulinunua kwa ngapi, wala halijali.

Tazama Mumias yenyewe. Iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, na wengi huku magharibi waliinunua kwa mapenzi: ni kampuni yetu, inasaga miwa yetu. Mwaka 2013 ikatangaza hasara. Mwaka 2014, hasara tena. 2015, tena. Hesabu zilichapishwa hadharani, lakini wenye hisa wakajifariji kwamba serikali haitaiacha ianguke. Serikali kweli ilimwaga mabilioni, na bado hasara ya mwaka 2018 ilipita shilingi bilioni 15. Septemba 2019 benki ya KCB iliiweka chini ya mrasimu, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa bei ikiwa senti 27. Aliyekuwa akisubiri kuuza sasa hana hata pa kuuzia.

Nitaambiwa: mbona Safaricom ilirudi? Ni kweli. Iliuzwa kwa shilingi 5 mwaka 2008, ikashuka chini ya 3 mwaka 2009, na kufikia 2021 ilikuwa imevuka 40. Lakini Safaricom ilikuwa ikipata faida hata bei yake ilipokuwa chini. Mumias ilikuwa ikivuja. Kilichozitofautisha ni vitabu vya hesabu; subira ya wenye hisa haikuongeza wala kupunguza kitu.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwaka 1998 mtafiti Terrance Odean alichapisha uchunguzi wa akaunti 10,000 za wawekezaji wa Marekani. Aliona kwamba watu huwahi kuuza hisa zinazopanda na kung'ang'ania zinazoshuka. Katika mwaka uliofuata, zile walizoziuza zilizishinda zile walizozing'ang'ania kwa takriban asilimia 3.4.

Kuna uongo wa pili, pacha wa ule wa kwanza: kwamba kampuni huuawa na wanaoisema vibaya. Kwenye masoko makubwa kuna watu wanaoazima hisa, wakaziuza, kisha wakazinunua tena bei ikishuka ili wazirudishe na kubaki na tofauti. Huku kwetu wangeitwa wachawi. Lakini watafiti Karpoff na Lou walionyesha mwaka 2010 kwamba, katika kampuni za Marekani zilizopotosha hesabu zao, uuzaji wa namna hii ulianza kuongezeka hadi miezi 19 kabla ya umma kujua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hawa ndio huyafichua maradhi mapema. Kanuni za kuruhusu biashara hiyo Kenya ni za mwaka 2017, wakati Mumias ilikuwa imekwisha kuugua. Hakuna mchawi aliyeiangusha. Ilioza kutoka ndani, na sokoni hapakuwa na mtu mwenye faida ya kupiga kelele.

Sisemi uuze kila hisa inayoshuka. Anayeuza kwa hofu na anayeshikilia kwa ukaidi wote hawajasoma hesabu. Nasema ujiulize swali moja: kama ningekuwa na pesa taslimu leo, ningeinunua hisa hii kwa bei ya leo? Ukijibu hapana, basi unaishikilia kwa aibu, na aibu haijawahi kulipa gawio.

Kwa hiyo, mwenye hisa wa Bungoma na Kitale, ripoti ya mwaka ikitoka, isome. Faida ikipotea miaka miwili mfululizo na madeni yakizidi kupanda, usimngoje waziri aje kukuokoa. Uza.