Gari Likinyamaza Halikufa

Kwa mtu wa kisiwa cha Lamu, gari ni kitu cha ng'ambo. Mjini njia zetu ni za miguu na za punda, na mwenye gari huliacha bara, pale Mokowe, chini ya mti au ubavuni mwa nyumba ya jamaa yake, kisha akavuka kwa mashua. Lakini tangu lami ilipotandazwa kutoka Garsen kupitia Witu, magari madogo ya Kijapani yamekuwa mengi gatini, na pamoja nayo yamekuja malalamiko mapya ambayo hayakosi barazani baada ya sala ya alasiri. Gari linazima lenyewe! Na kinachoudhi zaidi si kuzima, bali ni kuwa halina msimamo. Likitoka Mombasa hunyamaza kila kizuizi cha polisi, na mguu ukiondoka kwenye breki huwaka tena. Wiki ya pili, likitoka Mokowe, halinyamazi hata mara moja. Mmoja atasema nyaya zimeliwa na chumvi, wa pili atasema muuzaji kamdanganya, na wa tatu, Mungu amsamehe, atataka litafutiwe hirizi.

Mimi nasema gari hilo lina utaratibu kuliko wanaolisema.

Jambo lenyewe si geni kama tunavyodhani. Toyota walilijaribu katika gari la Crown katikati ya miaka ya 1970, na miaka ya 1980 Fiat ya Italia ikauza Regata ES yenye kuzima injini kwenye taa za barabarani. Mwaka 2009 Mazda wakatoa mfumo wao huko Japani, na leo magari ya namna hiyo yanashushwa Kilindini kila mara, kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu gari kuukuu lililopita miaka minane. Nia ni kuokoa petroli wakati gari limesimama bure. Lakini kabla ya kuzima, gari hujiuliza maswali mengi. Je, injini imepata moto wa kutosha? Mkanda umefungwa? Mlango umefungwa? Usukani umenyooka? Chumba kimepoa au kiyoyozi bado kinataka nguvu? Na kubwa kuliko yote, betri ina akiba ya kuiwasha injini tena? Jibu moja likiwa "la", injini haizimwi.

Sasa mtazame mtu wetu wa Lamu. Ametoka Mombasa, kilomita zaidi ya 300, betri imeshiba. Bila shaka litanyamaza kila kizuizi. Kisha analiacha Mokowe siku kumi, yeye yuko Shela au Matondoni kwa shughuli zake. Betri inapungua kidogo kidogo, joto linaila, na hewa ya bahari inaota ukungu wa kijani kwenye vichwa vyake. Siku ya kuondoka ni mwezi wa Februari, kaskazi imechoka kuvuma, na ndani ya gari ni tanuri, kwa hiyo kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho. Gari linakataa kuzima. Lingezima, huenda lisingewaka tena, na yeye angebaki kuwaomba watu wamsukume!

Wazee wetu waliokwenda Pate walingoja maji yajae ndipo wapite Mkanda. Sijasikia hata mmoja aliyesema Mkanda hauna msimamo, leo unapitika na kesho haupitiki. Walijua unafuata nini. Yule yule anayeweza kukuhesabia bamvua na maji mafu kwa vidole vyake, akiingia garini husema "sijui lina nini".

Naona sehemu ya kosa iko katika maneno yetu. Baharia ana neno la kila hali. Kutua tanga ni kitendo cha hiari, hakuna anayepiga kelele tanga likituliwa. Shwari ni jambo jingine, na mlingoti kuvunjika ni msiba. Kwenye gari tuna "limezima" peke yake, kwa gari lililoharibika na kwa gari lililopumzika. Basi mke aliyeketi nyuma na watoto akisikia "limezima", moyo unaruka. Na njia hii si ya kufanyia mchezo. Abiria wake hawajasahau Mpeketoni ya Juni 2014, wala basi lililoshambuliwa karibu na Nyongoro mwezi Januari 2020. Kimya cha injini mahali kama hapo kinamtisha mtu mzima. Dereva akizoea kusema "limetua", kama chombo kinavyotua tanga, nusu ya hofu itaondoka. Kama kuna mwenye neno bora, alilete.

Lakini maneno hayatatosha palipo na ujanja. Magari haya yana betri zake maalumu. Zile za Japani huandikwa alama kama Q-85 au S-95, na nyingine huwa na herufi EFB au AGM. Zimetengenezwa kustahimili kuwasha injini mara nyingi kwa siku. Ni ghali, na wako wafanyabiashara na mafundi wanaoiondoa na kutia ya kawaida, gari likauzwa likiwa safi linang'aa. Baada ya miezi michache betri imechoka, na mnunuzi anaambiwa "haya magari ndivyo yalivyo". Sivyo yalivyo. Aliyesoma mlango wa biashara katika fiqhi anajua khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa akigundua ila iliyokuwapo kabla ya kuuziwa. Kumwekea Muislamu mwenzio betri isiyofaa kisha ukanyamaza ni ila iliyofichwa, hata kama risiti ina muhuri.

Je, mfumo huu una faida kwetu? Kwenye foleni ya Nyali, ndiyo. Kutoka Malindi kuja kaskazini, ambako hakuna taa wala msongamano, sioni ila vizuizi. Kuna kitufe chenye herufi A ndani ya mshale wa duara. Kibonyezwe, mambo yaishe. Katika magari mengi hurudi kwenye hali yake kila gari linapowashwa upya, hivyo itabidi kibonyezwe tena. Hata Marekani wapo waliochoka nao. Mei 2025, Lee Zeldin, mkuu wa idara yao ya mazingira, alitangaza kuwa anataka kuondoa motisha waliyokuwa wakipewa watengenezaji kwa kuuweka.

Wanaouza magari Mombasa wangetundika karatasi moja ya Kiswahili kwenye ufunguo, yenye jina la betri na yale maswali ambayo gari hujiuliza, wangetuepushia fitina nyingi. Na mistari miwili ya mwisho iwe ya fundi: azime kwa ufunguo kabisa kabla ya kutia mkono chini ya boneti, kwa kuwa injini iliyotua inaweza kuamka yenyewe betri inapopungua, na feni haimsubiri mtu atoe vidole.