Upweke wa Mshairi na Swali la Mwalimu Wake

Ni rahisi kuisoma diwani ya Sauti ya Dhiki (1973) kana kwamba ni zao la upweke mtupu. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi?, akatengwa na wafungwa wenziwe kwa muda mrefu, na mashairi akayaandika juu ya karatasi za msalani hadi alipofunguliwa mwaka 1972. Kutokana na habari hizo huchipuka dai kwamba msanii akitengwa na watu ndipo sanaa yake hukomaa. Dai hilo, kwa maoni yetu, limeacha nusu ya habari.

Abdilatif alilelewa na Ahmad Basheikh Husein, nduguye babu yake, naye akiwa mshairi. Na Ahmad Nassir, malenga wa Mombasa, ni nduguye. Basi aliingia Kamiti akiwa na mafunzo ya miaka mingi kifuani. Tazama shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute": mtu aliyenyimwa wa kuzungumza naye ametunga majibizano ya ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombea mnazi mmoja. Sauti hizo mbili zilitoka wapi, kama si katika mazungumzo aliyokulia? Upweke ulimpa nafasi ya kuzisikiliza. (Wala tusisahau kwamba upweke ule ulikuwa adhabu, kuusifu mno ni kumsifu aliyeutoa.)

Suala hili lina uzito kwetu watafiti. Mtu akitoka Mtawanya, Kibiti, akashuka kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Rufiji, atayakuta madungu ambamo wakulima hukaa siku nyingi wakilinda mazao yasiliwe na ndege na nguruwe. Utulivu humo haukosekani. Iwapo kijana wa dunguni hatungi, au anatunga na tungo zikapotea, pengo tulitafute kwingine: nani alimsomea, nani alimsahihisha vina, nani alimwambia kwamba shairi hili halijaiva? Mwanafunzi wa uzamili aendaye nyanjani na kinasasauti aghalabu hurudi na matini, jina la mtunzi na tarehe. Silsila ya ufundishaji haiandikwi, na wazee waijuao wanatutoka. Tungependa kila tasnifu ya ushairi ieleze pia mtunzi alifunzwa na nani, kwa njia gani, na ni lini mwalimu alimwacha atunge peke yake.