Hiyo 'one for the road' itakushika ukiwa wapi?

Kwanza tuelewane. Nikisema Rongai simaanishi ile ya Kajiado yenye matatu za muziki wa kupasua masikio. Naongea kuhusu Rongai yetu ya Nakuru, ya mashamba ya mahindi na reli, ile iliyo na Salgaa, mahali ambapo malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupanga foleni usiku madereva wakitafuta nyama, kitanda na kitu baridi. Kwetu barabara si stori. Ni jirani.

Sasa ingia baa yoyote ya huku saa nne usiku. Msee anasimama, anavaa jaketi, anasema wacha niende. Kabla hajafika mlangoni, kuna mtu atagonga meza: "Wee, kaa chini! One for the road!" Na atakaa. Hata mzee ambaye Kiingereza chake chote huisha hapo hapo analitamka neno hilo bila kukwama.

Umewahi kujiuliza linamaanisha nini? Anayenunua anasema, "Nakupenda, usiniache bado." Anayenunuliwa anasikia, "Ukikataa umenidharau." Mwenye baa anasikia noti. Na hiyo "one" yenyewe ni uongo mtupu, maana nimeona ikizaa mapacha, kisha wajukuu.

Kuna hadithi hupendwa sana kuhusu lilikotoka. Eti zamani kule London, wafungwa wakipelekwa kunyongwa Tyburn, mkokoteni ulisimama kwenye kilabu njiani, mfungwa akapewa kinywaji cha mwisho. Kunyongwa Tyburn kulikuwepo kweli, hadi 1783. Lakini kwamba neno lilizaliwa hapo, hiyo ni stori ya baa tu. Ila fikiria: hata walevi wenyewe, wakitafuta asili ya neno lao, waliona linamfaa mtu anayeenda kufa.

Kitu ambacho si stori ni hiki. Pombe haikushiki ukiimeza. Inaingia kwenye damu polepole, na kilele chake hufika kama nusu saa hadi saa moja na nusu baadaye, ikitegemea umekula nini. Halafu ini lako halina haraka. Bia moja ya nusu lita hulichukua kama saa mbili kuimaliza, na kahawa, maji baridi au kuosha uso hakuliharakishi.

Sasa piga hesabu. Unameza ya mwisho, unasalimia watu, unawasha gari au nduthi. Ukisimama kwa kaunta unajiona uko sawa, na kweli huenda bado uko sawa kidogo. Hiyo ya mwisho haijafika. Inakungoja mbele, penye kona. Kwa hivyo neno halidanganyi hata kidogo: ni ya barabara kweli.

Nimejua haya kwa njia mbaya. Nilipoacha chuo nilirudi nyumbani bila mpango, na beshte yangu wa nduthi ndiye alikuwa ananinunulia chai na ananibeba bure. Mwaka jana nikapata kakibarua, nikalipwa, nikasema leo ni zamu yangu. Alikunywa mbili, akasimama. "Kesho naamka mapema," akasema. Mimi ndiye niligonga meza. Mimi ndiye nilisema maneno hayo matatu na "one" juu yake.

Hakugongwa na mtu. Alikosa kona tu, akaingia mtaroni, mguu ukavunjika mara mbili. Nduthi ilikuwa ya mkopo, na waliomkopesha waliichukua kabla plasta haijatoka. Mamake aliniuliza, "Alikuwa na nani usiku huo?" Nikaangalia chini. Yeye mwenyewe hajawahi kunilaumu, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Najua utaniambia ajali za huku ni mteremko na breki. Ni kweli, na sisemi kila anayekufa hapa amelewa. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafa. Wengi wao walikuwa abiria tu, wamelala wakingoja kufika. Hiyo ndiyo hoja yangu. Kama barabara hii haimsamehe hata asiyeonja, wewe unaipelekea chupa ya nini?

Na usiniambie kuhusu polisi. Alcoblow ilipoanza mwishoni mwa 2013, tulijifunza haraka: tunatumiana meseji, "wako pale, pitia njia ya chini." Tukajiona wajanja. Lakini tuliyemkwepa ni polisi. Bia tulienda nayo.

Sikwambii uache keroro. Mimi mwenyewe bado nakunywa, na sipendi mahubiri. Nasema tu, kama unampenda huyo anayesimama kwenda, mnunulie kitu cha barabara kweli. Mlipie nduthi ya mtu ambaye hajaonja. Mwagizie supu akae saa moja zaidi mkipiga stori. Chukua funguo, mpe kochi lako. Na akisema "nimetosha," usigonge meza. Huyo amefanya kazi ngumu kuliko yako.

Wikendi iliyopita beshte yangu alikuja kwa base akichechemea. Akanywa soda, akasimama. Kukawa kimya kidogo, kila mtu ananiangalia. Nikatoa mia mbili, nikamwita jamaa wa boda aliyekuwa nje.

"One for the road," nikamwambia.

Alicheka, akapanda nyuma. Dakika ishirini baadaye akanitumia meseji: nimefika.