Njaa Katikati ya Shibe

Ndugu msomaji, yawezekanaje mtoto akala akashiba, damu yake ikajaa sukari, naye akazidi kukonda? Jibu limo katika kazi ya homoni, na leo tutaitazama moja miongoni mwazo, iitwayo insulini.

Homoni ni tarishi wa mwili. Hutengenezwa na tezi, ikamwagwa katika damu na kupita kote. Hata hivyo, si kila seli huipokea amri yake, bali zile tu zenye kipokezi kinachoafikiana nayo, mithili ya kufuli na ufunguo wake. Baadhi ya homoni, kama vile estrojeni, hupenya hadi ndani ya seli. Insulini haina haja ya kupenya. Hukishika kipokezi kilichopo juu ya utando wa seli, na amri ikapitishwa ndani. Ndipo seli za misuli na za mafuta husogeza milango ya sukari kwenye utando wake, sukari ikaingia.

Basi kongosho, ambalo ndilo kiwanda cha insulini, likishindwa kuitengeneza, seli hukaa na njaa ilhali sukari imezagaa nje. Sukari hiyo hutoka kwa njia ya mkojo, ikiandamana na maji mengi. Ndiyo maana mtoto hukojoa mara kwa mara, hushikwa na kiu isiyokatika, na hukonda. Hii ni aina ya kwanza ya kisukari. Katika aina ya pili, ambayo aghalabu huwapata watu wazima, insulini ipo lakini seli haziitii ipasavyo.

Zamani mtoto wa namna hiyo hakuwa na matumaini. Mnamo Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, kijana Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14, alidungwa insulini, naye akaishi miaka 13 zaidi. Dawa hiyo haimezwi, kwa kuwa ni protini, na tumbo lingeisaga kama lisagavyo nyama.

Mzazi mwenzangu, sindano hiyo si adhabu. Mtoto anarudishiwa tarishi aliyekosekana. Kuikatiza kwa kuwa ameonekana mzima, au kwa kuahidiwa dawa nyingine, ni kuuhatarisha uhai wake. Nawe umwonapo mtoto anakunywa maji mno, anakojoa mno na kukonda, usingoje kesho: mpeleke hospitali akapimwe sukari.